Ziara za shule kwa shule: Kinachobaki baada ya wageni kuondoka

Siku ya kupokea wageni kutoka shule nyingine hufanana katika shule nyingi nchini. Mazingira hufagiwa tangu jana yake, wanafunzi huandaa nyimbo na ngonjera, wageni husaini kitabu cha wageni katika ofisi ya Mwalimu Mkuu, hutembezwa madarasani na maktaba, kisha hupatiwa chakula na kupigwa picha ya pamoja mbele ya mlingoti wa bendera. Jioni basi huondoka. Swali ambalo wazazi, Kamati za Shule na walimu wenyewe wana haki ya kuliuliza ni hili: baada ya majuma mawili, ni jambo gani limebadilika darasani, kwa wageni na kwa wenyeji?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ziara ya shule ina gharama. Kuna nauli na chakula, ambavyo mara nyingi hutoka katika michango ya wazazi. Kuna vipindi vinavyokosa mwalimu siku hiyo. Zaidi ya yote, kuna watoto wanaosafirishwa barabarani. Ziara isiyo na lengo hutumia rasilimali hizo bila faida, ilhali ziara iliyopangwa vyema yaweza kumsaidia mwalimu mmoja kutatua tatizo lililomsumbua kwa miaka.

Utaratibu wenye mizizi mirefu

Desturi ya shule kutembeleana si ngeni nchini. Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule zilihimizwa kuwa na mashamba, mifugo na karakana, na walimu walikwenda kuona namna wenzao walivyogawa muda kati ya jembe na kitabu. Baadaye utaratibu huo ulijulikana zaidi kwa jina la ujirani mwema: shule mbili au zaidi hukutana kwa michezo, midahalo na mitihani ya pamoja ya kujipima kabla ya mitihani ya Taifa. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari nayo yamewakutanisha walimu na wanafunzi wa maeneo ambayo yasingekutana kwa njia nyingine.

Mazingira ya sasa yameongeza umuhimu wa kujifunza kwa jirani. Kuanzia Januari 2016 Serikali ilianza kutekeleza mpango wa elimumsingi bila ada, kuanzia elimu ya awali hadi Kidato cha Nne, na katika mwaka wa fedha 2022/23 mpango huo ulipanuliwa kufikia Kidato cha Tano na cha Sita. Uandikishaji uliongezeka, madarasa mapya yalijengwa, shule mpya zilifunguliwa na walimu wapya waliajiriwa na kupangiwa vituo vya kazi, vingine vikiwa mbali na miji. Mwalimu aliyehitimu chuo mwaka jana anaweza kujikuta mbele ya darasa la wanafunzi zaidi ya mia moja, katika shule ambayo mwalimu mwenzake wa somo hilo hayupo. Mtu wa karibu anayeweza kumwonesha namna ya kulimudu darasa la aina hiyo ni mwalimu wa shule jirani anayelimudu kila siku.

Aidha, mitaala iliyoboreshwa iliyoanza kutekelezwa Januari 2024 imeleta mambo ambayo shule nyingi hazijawahi kuyafundisha, ukiwemo mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Shule inayojiandaa kuanzisha fani ya useremala, kilimo au ushonaji hunufaika kuona karakana inayofanya kazi: namna vifaa vinavyotunzwa, nani anashika funguo, wanafunzi wangapi hutumia mashine moja, na mazao ya kazi yao hupelekwa wapi.

Mahali pa ziara katika mfumo wa elimu

Wananchi wengi hawafahamu kwamba kujifunza kati ya shule na shule kuna nafasi rasmi katika mfumo wa elimu. Kupitia Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayofahamika kwa kifupi kama MEWAKA, walimu hukutana katika Jumuiya za Ujifunzaji ndani ya shule zao, hujadili ugumu wanaokutana nao katika ufundishaji na kutafuta ufumbuzi kwa pamoja. Jambo likishindikana ndani ya shule, linaweza kupelekwa katika klasta, yaani kundi la shule zilizo karibu, au katika Kituo cha Walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa moduli na miongozo inayotumika katika mafunzo hayo, wakati TAMISEMI inasimamia uendeshaji wa shule za Serikali kupitia mikoa na halmashauri.

Katika mpangilio huo, Afisa Elimu Kata ana nafasi ya pekee. Yeye huzifikia shule zote za kata yake, na kwa hiyo anafahamu ni shule ipi imepunguza utoro, ipi imefanikiwa kuwafundisha watoto wa Darasa la Kwanza kusoma mapema, na ipi ina mwalimu wa Hisabati anayependwa na wanafunzi. Wathibiti Ubora wa Shule nao hukusanya taarifa za aina hiyo wanapopita. Taarifa hizo zikitumika kuunganisha shule yenye tatizo na shule yenye ufumbuzi, ziara huwa na sababu ya kufanyika.

Mambo yanayojifunzwa

Jambo la kwanza huonekana darasani. Katika stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK, mwalimu anaweza kuwa amesoma mara nyingi kuhusu kugawa wanafunzi katika makundi, lakini asijue namna ya kufanya hivyo pale ambapo watoto watano wanakalia dawati moja. Akiketi nyuma ya darasa la mwenzake kwa dakika 40 huona kazi hiyo ikifanyika: viongozi wa makundi ni nani, kadi za silabi zimekatwa kutoka maboksi gani, vizibo vya chupa na vijiti vya kuhesabia vinagawiwa na kukusanywa vipi bila fujo, na mwalimu anasimama wapi ili kuwaona walioko nyuma. Mambo madogo ya namna hiyo ni vigumu kuyaandika katika mwongozo, na ndiyo yanayoamua kama somo litafanikiwa.

Jambo la pili ni matumizi ya muda. Mgeni anayefika kabla ya kengele ya kwanza na kuondoka baada ya kipindi cha mwisho hujifunza mengi kuliko anayefika saa nne na kuondoka saa saba. Huona walimu wanaingia darasani dakika ngapi baada ya kengele, mahudhurio yanaitwa lini, mtoto asiyefika kwa siku tatu anafuatiliwa na nani, na madaftari yanasahihishwa wakati gani. Shule mbili zenye walimu idadi sawa na ratiba inayofanana zinaweza kutofautiana sana katika muda halisi ambao mtoto anafundishwa.

Jambo la tatu ni chakula cha mchana. Shule nyingi za kutwa hujitahidi kutoa uji au makande kwa wanafunzi, na mara nyingi ugumu hauko jikoni, bali katika makubaliano. Shule iliyofanikiwa inaweza kuwaeleza wenzake namna wazazi walivyokubaliana katika mkutano wa kijiji, kiasi cha mahindi na maharage kilichoamuliwa, ghala liko wapi na linasimamiwa na nani, na wafanye nini kwa mtoto ambaye familia yake haina cha kuchangia. Swali hilo la mwisho ndilo gumu zaidi. Mtoto akitengwa na wenzake wakati wa kula, anaweza kuacha kuja shule. Wajumbe wa Kamati ya Shule wakisikia kutoka kwa wajumbe wenzao namna walivyolitatua, huamini kwamba linawezekana kuliko wanapoelezwa na kiongozi kutoka mjini.

Jambo la nne ni uongozi na uwazi wa fedha. Shule za Serikali hupokea ruzuku ya uendeshaji, na wazazi wana haki ya kujua inavyotumika. Mwalimu Mkuu anayeitembelea shule ambayo mapato na matumizi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo huona pia matokeo yake: maswali ya wazazi katika mikutano hupungua ukali, na michango ya hiari hupatikana kwa urahisi zaidi.

Jambo la tano huwahusu wenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Shule inayotembelewa hulazimika kueleza kazi yake kwa maneno, na katika kueleza hugundua mambo iliyoyafanya kwa mazoea bila kuyafikiria. Mgeni akiuliza kwa nini wasichana wote wamekaa upande mmoja wa darasa, au kwa nini kitabu kipya kingali kabatini, mwenyeji hupata jicho la pili. Kwa sababu hiyo ziara ya upande mmoja, ambapo shule dhaifu huenda kwa shule bora na kurudi, hupoteza nusu ya faida. Inapendekezwa wenyeji nao waende kuwaona wageni wao.

Usione vyaelea, vimeundwa

Kosa linalojirudia katika ziara nyingi ni kuchagua shule ya kutembelea kwa kuangalia matokeo ya mitihani ya Taifa pekee. Ufaulu ni kipimo muhimu, lakini haujibu maswali yote. Shule ya bweni yenye wanafunzi 300 waliochaguliwa kwa mtihani wa kujiunga haiwezi kuwa kioo cha shule ya kutwa yenye wanafunzi 1,500 ambao baadhi yao hutembea kilometa kadhaa kila asubuhi. Walimu wa shule ya pili wakipelekwa kuona ya kwanza, wanaweza kurudi wakiwa wamekata tamaa, au wakiwa na orodha ya vitu vya kununua: kompyuta, basi, uzio na maabara. Yote hayo ni mazuri, lakini hakuna hata kimoja ambacho mwalimu anaweza kukianza Jumatatu.

Wahenga walionya kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Anayeona chombo kimetulia majini hakuona misumari iliyopigwa wala mbao zilizotupwa. Vivyo hivyo, mgeni huona darasa tulivu bila kuona miaka mitatu ya vikao vilivyolifikisha hapo, wala njia zilizojaribiwa zikashindikana. Mwenyeji mkweli huwasimulia wageni wake pia yale yaliyoshindikana. Sehemu hiyo ya mazungumzo mara nyingi ndiyo yenye manufaa makubwa, kwa kuwa humwokoa mwenzake na kosa lile lile.

Hivyo shule inayofaa kutembelewa ni ile inayofanana na ya mgeni kwa idadi ya wanafunzi, kipato cha wazazi, umbali na idadi ya walimu, lakini iliyopiga hatua katika jambo moja mahususi. Mara nyingi shule hiyo iko katika kata hiyo hiyo au kata jirani.

Kosa la pili ni somo la maonesho. Wenyeji huchagua darasa bora, hurudia somo lile lile mara kadhaa, na wanafunzi hujibu kwa sauti moja maswali ambayo majibu yake wanayajua tangu juzi. Wageni hupiga makofi, lakini hakuna aliyejifunza. Walimu wa Japani, ambao kwa zaidi ya karne moja wamekuwa na desturi ya kufungua madarasa yao kwa walimu wenzao ili somo lichunguzwe kwa pamoja, hufuata njia tofauti. Watazamaji hawaangalii zaidi mwalimu anavyong'ara. Huangalia wanafunzi, nani ameelewa, nani amekwama na amekwama wapi, kisha hujadili somo lenyewe badala ya kumhukumu mwalimu. Nchini Kenya, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi katika shule za sekondari, SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, ulitokana na imani hiyo hiyo kwamba mwalimu hukua anapoichunguza kazi yake pamoja na wenzake.

Usalama kabla ya safari

Hakuna faida ya kitaaluma inayolingana na uhai wa mtoto. Taifa halijasahau asubuhi ya Mei 6, 2017, wakati basi lililokuwa limewabeba wanafunzi wa Darasa la Saba kutoka jijini Arusha kwenda wilayani Karatu, kufanya mtihani wa ujirani mwema na wenzao, lilipotumbukia katika korongo la Mto Marera. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao walipoteza maisha. Wanafunzi watatu walinusurika na baadaye walipelekwa Marekani kwa matibabu. Watoto wale walikuwa njiani kwenda kujifunza pamoja na wenzao, jambo jema lililokubaliwa na wazazi na walimu wao.

Msiba ule unaacha wajibu kwa kila anayepanga safari ya shule. Swali la kwanza ni kama safari inahitajika. Iwapo lengo ni mwalimu kuona namna somo linavyofundishwa, hakuna sababu ya kusafirisha wanafunzi 40; walimu wawili wanatosha. Iwapo lengo ni wanafunzi kujipima kwa mtihani wa pamoja, mtihani huo unaweza kufanywa na kila shule katika madarasa yake na walimu wakabadilishana karatasi za kusahihisha. Iwapo ni lazima wanafunzi wakutane, shule iliyo umbali wa kutembea kwa miguu ipewe nafasi ya kwanza.

Safari ikiwa ya lazima, kibali cha mamlaka ya elimu ya halmashauri kipatikane mapema, na mzazi wa kila mwanafunzi atoe ridhaa kwa maandishi baada ya kuelezwa wanakwenda wapi, kwa chombo gani na watarudi saa ngapi. Gari likaguliwe na Polisi wa Kikosi cha Usalama Barabarani, idadi ya abiria isizidi viti, mikanda itumike, na dereva awe mwenye leseni ya daraja husika, aliyepumzika na anayeifahamu njia. Safari za usiku ziepukwe, na katika msimu wa mvua hali ya barabara iulizwe kabla ya kuondoka. Mzazi anayeona gari limejaa kupita kiasi ana haki na wajibu wa kumshusha mtoto wake.

Namna ya kuiandaa ziara yenye tija

Shule inayokusudia kutembelea wenzake inashauriwa kuanza na swali moja linaloandikwa na kukubaliwa na walimu wote. Swali kama "tujifunze mbinu bora" ni pana mno. Swali kama "wanafanyaje ili watoto wa Darasa la Pili wanaochelewa kusoma wasiachwe nyuma" huwapa wageni kitu cha kutazama, na huwapa wenyeji nafasi ya kujiandaa kwa ukweli badala ya mapambo. Swali hilo lipelekwe kwa wenyeji mapema.

Wanaokwenda wachaguliwe kwa kufuata swali. Ikiwa tatizo ni kusoma kwa Darasa la Pili, aende mwalimu wa Darasa la Pili, hata kama ni mgeni kazini, badala ya kuteua kwa kufuata vyeo. Ikiwa tatizo ni chakula, waende wajumbe wa Kamati ya Shule wakiwemo wazazi. Vipindi vya walimu wanaosafiri vipangiwe walimu wengine kabla ya siku hiyo, ili wanafunzi waliobaki wasipoteze siku.

Wakiwa kwa wenyeji, wageni watenge muda mrefu kwa kutazama na kusikiliza, na muda mfupi kwa hotuba. Waombe kuona darasa la kawaida, andalio la somo la kawaida na daftari la mwanafunzi wa kati, si la anayeongoza pekee. Wazungumze na wanafunzi kwa heshima. Kila mmoja aandike alichokiona kwa macho yake kabla ya kuandika maoni yake.

Wakirejea, taarifa isiishie katika jalada. Katika juma la kwanza, waliosafiri wawaeleze wenzao kupitia Jumuiya ya Ujifunzaji, na walimu wachague jambo moja, au mawili kwa wingi, la kujaribu kwa muhula mmoja. Wakubaliane tangu mwanzo watajuaje kama limefaa: idadi ya watoto wanaosoma aya fupi bila msaada, au siku za utoro katika daftari la mahudhurio. Muhula ukiisha, waangalie matokeo, na wawaalike wenyeji wao waje waone. Jambo lisilofaa liachwe bila aibu.

Nafasi ya mwananchi

Wazazi wana nafasi kubwa ya kuhakikisha ziara za shule zinaleta manufaa. Katika mkutano wa wazazi, kabla ya kukubali mchango wowote, mzazi anaweza kuuliza mambo manne: safari inajibu swali gani, kwa nini imechaguliwa shule hiyo na siyo iliyo karibu, fedha zitatumikaje, na lini wazazi watapewa mrejesho. Kuuliza si ujinga wala si kuikwamisha shule. Shule yenye majibu huyatoa kwa furaha, na isiyo nayo hupata nafasi ya kujipanga upya kabla ya kutumia fedha.

Kwa upande wa walimu, hatua ya kwanza haihitaji basi wala bajeti. Ndani ya shule nyingi kuna mwalimu ambaye wanafunzi humsubiri kwa hamu, na mlango wa darasa lake uko hatua chache kutoka ofisi ya walimu. Walimu wakizoea kuingia katika madarasa ya wenzao na kuzungumza kwa uwazi kuhusu walichokiona, watakuwa tayari pia kuvuka uwanja na kwenda shule jirani, wakiwa na swali mkononi na nia ya kurudi na jibu litakalomfikia mtoto aliyekaa dawati la nyuma.